Aliniambia mbele za watu kwamba naimba chini ya noti

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, ni mwanamke, naimba na kupiga gitaa. Gitaa nilianza kujifundisha mwenyewe miaka mitano iliyopita. Kuimba nimeimba tangu utotoni. Nyumbani kila mtu alisema nimezaliwa na sauti, na mimi nikaamini hivyo.

Miezi mitatu iliyopita nilipata nafasi ya kuimba nyimbo tatu na bendi ya wazee wazoefu. Mbili zilikuwa za watu, ya tatu niliitunga mwenyewe. Tulifanya mazoezi mara moja tu. Siku yenyewe nilijisikia vizuri sana, watu wakapiga makofi, nikashuka jukwaani nikitetemeka kwa furaha. Kule nyuma, mbele ya wanamuziki wote na marafiki zangu wawili, mzee anayepiga besi akaniambia: "Binti, sauti unayo. Lakini mwisho wa kila mstari unaimba chini ya noti, na kwenye kiitikio unakimbia, sisi tunakufukuza. Wimbo wa tatu ndiyo kabisa." Mpiga ngoma akacheka. Mzee akasema nirudi nikiwa tayari, akaendelea kukunja waya zake.

Shangazi, nilijiona kama nimevuliwa nguo. Rafiki yangu alinivuta pembeni akasema wazee wale wana wivu, hawapendi vijana. Nilimshukuru, lakini usiku ule sikupata usingizi. Tangu siku hiyo gitaa liko chini ya kitanda. Hata nikianza kuimba jikoni naisikia sauti ya yule mzee, nanyamaza. Na kuna jambo baya zaidi. Wiki mbili baadaye nilisikiliza rekodi ya siku ile, rafiki yangu aliichukua kwa simu, nikaizima kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Ile si sauti yangu. Ni nyembamba, kama ya mtoto. Nikajiuliza, hivi miaka yote hii watu walikuwa wananidanganya?

Kaka yangu anasema kama muziki ungekuwa wangu kweli, nisingevunjika moyo kwa maneno ya mtu mmoja. Wengine wananiambia nikaze roho, nisimsikilize mtu. Naomba uniambie ukweli. Mtu anajuaje kwamba hana kipaji, aache? Na kama ni kuvumilia, navumiliaje maneno ambayo moyoni nahisi ni ya kweli?

Niliyenyamaza

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama mahali pale pale. Umeeleza kicheko cha mpiga ngoma, umeeleza usiku usio na usingizi, umeeleza gitaa chini ya kitanda. Lakini kuna maneno matatu umeyapita mbio kama mtu anayeruka dimbwi: nirudi nikiwa tayari.

Nimekaa na wanamuziki zaidi ya miaka thelathini, jukwaani na nyuma ya jukwaa. Mwimbaji asiyetakiwa huambiwa "umefanya vizuri, asante sana". Anapewa mkono, anatabasamiwa, na akipiga simu wiki inayofuata haipokelewi. Mzee wa besi hana haja ya kumchambulia mtu mstari kwa mstari kama hataki kumwona tena. Yule amekusikiliza nyimbo tatu nzima huku vidole vyake vikifanya kazi nyingine, na bado akakumbuka ni wapi ulishuka na ni wapi ulikimbia. Wewe umeyachukua maneno yake kama mlango uliofungwa. Mimi, kwa jinsi ulivyoyaandika, nauona uko wazi.

Kusema mbele za watu hakufanya vyema, na sitamtetea kwa hilo. Angeweza kusubiri dakika tano, akuite pembeni. Mpiga ngoma naye angeweza kukaa kimya. Una haki ya kuumia, na kaka yako amekosea, umwambie nimesema: anayevunjika moyo kwa neno kuhusu muziki wake ni yule ambaye muziki uko ndani yake. Asiyejali angeshakwenda kula na kulala.

Sasa tulitenganishe neno na namna lilivyosemwa. Namna ilikuwa mbaya, iache hapo hapo nyuma ya jukwaa. Neno lenyewe lina vitu vitatu: mwisho wa mistari sauti inashuka, kwenye kiitikio mwendo unapanda, na wimbo wa tatu umezidi. Hakukwambia huna kipaji. Angekwambia hivyo ningekushauri ulitupe, maana hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akafanyia mazoezi "huna kipaji". Lakini "unakimbia kwenye kiitikio" unaweza kuifanyia kazi leo jioni.

Nianze na rekodi, kwa sababu naona ndiyo iliyokumaliza. Sauti ile ni yako, na hakuna aliyekudanganya. Unapoimba unajisikia kwa njia mbili kwa pamoja: kupitia hewa, kama wanavyokusikia wengine, na kupitia mifupa ya kichwa chako mwenyewe. Mifupa hubeba vizuri zaidi sauti za chini, zile nzito, ndiyo maana ndani ya kichwa chako una sauti nene yenye joto. Rekodi haina mifupa yako. Inatoa ile ya hewa peke yake, nawe unasikia mtu mwembamba usiyemjua. Kila mwimbaji duniani alishtuka siku ya kwanza. Mimi nilidhani mashine imeharibika. Dawa yake ni kujirekodi mara nyingi mpaka yule mgeni awe mtu wa nyumbani, na kwa kawaida haichukui muda mrefu.

Na uliizima kwa nini? Kwa sababu ulisikia kosa. Jambo hili nataka ulishike sana, maana ndilo jibu la swali lako la kipaji. Wapo watu wachache ambao kweli ubongo wao hautofautishi noti na noti, na mara nyingi hao huimba chini ya noti maisha yao yote bila kusumbuka, kwa kuwa hawasikii kitu. Wewe umesikia. Sikio hukua kabla ya koo, mwanangu. Kuna kipindi kwenye maisha ya kila mwanamuziki ambapo sikio limeshafika mbele na sauti bado iko nyuma, na kipindi hicho kinauma vibaya, kwa sababu kila unachofanya unakisikia kibovu. Wengi huacha hapo hapo. Wanadhani wamerudi nyuma, kumbe ndiyo kwanza wameanza kusikia.

Twende kazini. Chukua gitaa, na kabla ya kuimba chochote fanya hivi. Bana uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya tano (freti ni vile vipande vya shingo ya gitaa vilivyogawanywa kwa vyuma), kisha piga huo pamoja na uzi wa tano ukiwa wazi. Nyuzi hizo mbili zinatakiwa kutoa noti moja, A, mitetemo 110 kwa sekunde. Legeza uzi wa tano kidogo sana halafu sikiliza: utasikia sauti inapumua, wau, wau, wau. Kama uzi mmoja uko 110 na mwingine 107, mpumuo huo utakuja mara tatu kwa sekunde. Kaza taratibu na utausikia unapungua mwendo, unajivuta, mpaka unatulia kabisa na sauti mbili zinakuwa moja. Kaa hapo. Fanya mara kumi. Baadaye bana uzi wa tatu kwenye freti ya pili, hiyo ni A ya 220, uipige, na uiimbe kwa "mmm" midomo ikiwa imefungwa. Sauti ya mtu inayumba zaidi ya uzi, kwa hiyo mpumuo hautakuwa safi kama wa nyuzi mbili, lakini utausikia, na utaisikia ile hali ya kutulia. Mzee aliposema "chini ya noti" alikuwa anazungumzia umbali huo mdogo. Ni umbali wa kupimika, na unaweza kuufunga.

Kwa nini unashuka mwisho wa mstari na si mwanzoni? Nadhani ni pumzi. Pumzi ikielekea kwisha, msukumo wa hewa unapungua na noti inalegea kama hema lililong'olewa kigingi. Na nashuku ndiyo sababu wimbo wako mwenyewe ulizidi. Nyimbo za watu zilishaimbwa na kunyolewa na waimbaji wengi kabla yako, mahali pa kupumulia pameshapatikana. Wa kwako umeutunga umekaa, gitaa mapajani, sauti ya chini, bila mtu wa kukusikiliza. Umesimama jukwaani, moyo unadunda, mistari imekuwa mirefu kuliko kifua. Chukua karatasi uandike mashairi yako, weka alama ya mkato mahali unapovuta pumzi kweli, si mahali ambapo sentensi inapendeza kukatika. Mstari usiopata mahali pa kupumua, ufupishe. Ni wimbo wako, hakuna wa kukukataza. Kisha jifunze kila mstari kutokea nyuma: imba neno la mwisho peke yake mpaka litue, halafu maneno mawili ya mwisho, halafu matatu, hadi ufike mwanzo. Hivyo utakuwa unatoka kwenye sehemu usiyoijua kwenda kwenye ile uliyoizoea, na mwisho wa mstari utakuwa ndio sehemu yako imara. (Usijaribu kuziba kosa kwa kupiga kelele. Na sauti ikikauka ikapita wiki tatu haijarudi, mwone daktari.)

Kuhusu kukimbia, hilo ni hesabu tupu. Tuseme wimbo wako unakwenda mapigo 96 kwa dakika, na beti lina vipimo 16 vya mapigo manne manne. Hayo ni mapigo 64, yaani sekunde 40 kamili. Jirekodi ukiimba bila msaada wowote, kisha pima beti na kiitikio kila kimoja kwa saa. Vipimo 16 vikikutoka kwa sekunde 37, umeshapanda karibu na 104, na bendi nzima inakimbia nyuma yako kama mzee alivyosema. Ukishajua hivyo, weka metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo kwa usawa, polepole kuliko unavyopenda, 70 hivi, uimbe hapo wiki nzima. Wiki inayofuata ifanye ilie kwenye pigo la pili na la nne tu, la kwanza na la tatu uyabebe mwenyewe. Utachukia siku za mwanzo. Furaha ya kiitikio ndiyo inayokusukuma, na furaha hiyo siitaki ife. Nataka ijifunze kukaa ndani ya mwendo.

Kuna kijana mmoja wa Kimarekani, mpiga saksafoni, aliyekwenda mwaka 1936 kupiga na wakubwa katika klabu moja ya Kansas City. Alikuwa hajafikisha hata miaka 16 au amefikisha karibuni. Alipopotea katikati ya wimbo, mpiga ngoma Jo Jones aliutupa upatu wa ngoma zake sakafuni karibu na miguu yake. Ukumbi ukacheka. Kijana huyo alikuwa Charlie Parker. Kiangazi cha mwaka 1937 alipata kazi na bendi katika eneo la mapumziko kwenye milima ya Ozarks, akabeba santuri zilizokuwa na saksafoni ya Lester Young, akazisikiliza na kuzipiga mpaka akazijua noti kwa noti, na akajifunza kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, kwa wenzake. Aliporudi, waliomcheka walishangaa. Ninaposimulia habari hii huwa nasikitika watu wanavyoupenda ule upatu, kana kwamba fedheha ndiyo iliyomfundisha. Ile fedheha ingeweza kumwua. Zile santuri, ile miezi, na wale wenzake waliomwonyesha kodi, ndivyo vilivyomfundisha.

Lakini usije ukatoka hapa ukidhani kila anayekusema anastahili wiki zako mbili. Kumbuka Siti binti Saad. Alipopata jina, walikuwepo walioimba kumkejeli kwamba ametoka shamba, kwamba si mzuri wa sura. Katika maneno yale hapakuwa na jambo hata moja kuhusu uimbaji wake. Angeyafanyia mazoezi gani? Aliwajibu kwa wimbo, akaendelea na kazi, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa kwenye santuri huko Bombay. Mtu akikusema sura, asili, umri au mavazi, huna cha kurekodi wala cha kupima, basi usikae nalo. Akikwambia mahali, mstari wa pili, kiitikio, noti ya mwisho, hata kama anakusema kwa mdomo mbaya, chukua kalamu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaokwambia usimsikilize mtu. Na yule rafiki yako aliyesema ni wivu, anakupenda, mbaki marafiki, lakini jiulize: mzee wa miaka hiyo, anayepiga besi, amwonee wivu wa nini mwimbaji mgeni wa nyimbo tatu?

Nikueleze langu. Nilipokuwa na miaka 19, kiongozi wa bendi niliyoimba aliniambia naimba kama mtu anayeomba radhi. Hakufafanua. Nililia, nikamchukia, nikaendelea kuimba nikiwa nimenuna. Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa alichosikia: nilikuwa nameza silabi za mwisho za maneno, naziacha zife mdomoni. Miaka miwili, mwanangu, kwa jambo ambalo ningelijua jioni ile ile kama ningemfuata na kumwuliza, "Kaka, wapi hasa?" Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Wewe umepewa jibu bila kuuliza.

Ukimya wako wa miezi mitatu usikutie aibu. Mtunzi wa Kirusi Sergei Rachmaninoff alipopigiwa simfoni yake ya kwanza, utunzi mrefu wa okestra, mwaka 1897, onyesho lilikwenda vibaya, mazoezi yalikuwa haba, na mhakiki mmoja aliifananisha na mapigo ya Misri, yale maafa ya kwenye Biblia. Akaingia katika unyonge mkubwa, akakaa karibu miaka mitatu hawezi kutunga kitu cha maana. Kilichomtoa ni daktari, Nikolai Dahl, aliyekuwa akikaa naye na kuzungumza naye. Konseto yake ya pili, utunzi wa piano na okestra aliyoikamilisha baada ya hapo, mwaka 1901, alimtunukia daktari huyo. Hakutoka peke yake. Ukiona usingizi bado hauji, au huzuni imevuka mipaka ya muziki, tafuta mtu wa kuzungumza naye, na usione ni jambo dogo.

Umeuliza unavumiliaje maneno unayohisi ni ya kweli. Mimi sijui njia nyingine zaidi ya kuyageuza kuwa kazi ya siku hiyo. Neno la kweli ukiliacha likae moyoni bila kazi, linakula. Ukilipa kazi, dakika 30 kila jioni, siku moja nyuzi na pumzi, siku nyingine metronomu, linachoka kukusumbua kwa sababu linashughulikiwa. Baada ya wiki sita, sikiliza tena ile rekodi ya simu, yote, mpaka wimbo wa tatu. Utasikia makosa mengi kuliko mzee aliyoyataja. Usiogope, sikio ndilo limekua.

Kisha mfuate mzee. Peke yako, siku ya mazoezi yao, si siku ya onyesho. Msalimie vizuri, mwambie: "Shikamoo baba, uliniambia nashuka mwisho wa mistari na kwenye kiitikio nakimbia. Nimefanyia kazi. Naomba unisikilize wimbo mmoja, uniambie kilichobaki." Wimbo uwe ule wa tatu. Mwombe pia, kwa adabu, safari hii akwambie mkiwa wawili. Anaweza kukutajia makosa mengine manne. Basi yaandike.

Kwanza lakini nunua nyuzi mpya. Zile zilizokaa miezi mitatu chini ya kitanda huenda zimeingia kutu, hazitashika tyuni, na utakuja kujilaumu kwa kosa ambalo si la koo lako. Zikishatulia, jirekodi beti moja na kiitikio, upime kwa saa, na uniandikie umepata sekunde ngapi.

Shangazi